Bakuli la Katekista

Mimi siamini mizimu, na katekista wetu ndiye aliyenifundisha kutoiamini. Miaka mingi alitupigia kelele pale kigangoni, kanisa letu dogo, kwamba marehemu wana kazi zao na sisi tuna zetu. Sasa yeye mwenyewe amekufa siku nyingi, na hana adabu hata kidogo, maana kila nikiwekewa chakula namwona ameketi mbele yangu, magoti juu, mkono umeshika ukingo wa bakuli. Ananitazama ninavyokula. Nikiwa peke yangu jikoni humwambia, "Katekista, nenda ukapumzike," na wajukuu zangu wanaonisikia wanadhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa.

Alizaliwa wapi, mwana wa nani, hayo sitayagusa. Anayeyataka akaulize kwa ukoo wake. Kwetu alikuwa Katekista tu, hakuna aliyemwita kwa jina, hata binti yake akimkasirikia. Nyumba yake ilikuwa chini ya nyumba yangu. Kwa asiyeijua Mgeta na miteremko yake ya mlima, maana yake ni kwamba nikisimama uani kwangu nililiona paa lake la nyasi, ua wake wote, kuku wake na mpaka sufuria iliyokuwa jikoni. Tuliishi hivyo, wa juu wakiona mambo ya wa chini, wa chini wakisikia magomvi ya wa juu. Mume wangu alikuwa utingo wa lori la mboga, siku nyingi yuko njiani kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo macho yangu yalikuwa na nafasi ya kutosha.

Alikuwa na sauti isiyohitaji kengele, lakini aliipenda kengele yake. Ilikuwa ringi kuukuu ya gari, imetundikwa kwenye mti nje ya kigango, naye aliigonga kwa kipande cha chuma ambacho hakumruhusu mtu mwingine akishike. Padre alikuja mara moja moja tu, njia ikipitika. Jumapili nyingine zote kanisa lilikuwa la Katekista. Alisoma Injili, akahubiri, akatangaza ndoa, akagombeza waliochelewa. Cha ajabu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia. Akishagonga ringi alirudi nyumbani, akavaa kanzu yake nyeupe, akangoja mpaka watu wamejaa, ndipo apande taratibu ili tumwone anakuja. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo inaitwa majivuno. Alinijibu kwa Kiluguru maneno ambayo katekista hapaswi kuyajua.

Tena alikuwa mlaji. Nasema hivyo kwa heshima. Enzi zile tulikuwa na shamba la kijiji, kila nyumba ilitoa mtu siku zilizopangwa, na mchana chakula kilipikwa cha wote. Katekista alikaa na vijana, akala nao, na vijana ndio waliokuwa wa kwanza kuinuka. Kisha Jumapili anapanda kuhubiri juu ya dhambi ya ulafi, tumbo limemtangulia kwenye altare. Mke wake, Mungu amweke pema, alikuwa akicheka kwa sauti kwenye benchi la akina mama, na sisi tukamfuata. Katekista alitutazama mmoja mmoja, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Huyo mke ndiye aliyejua siri ya kumlisha. Kwetu mtu mzima hamalizi bakuli. Anakula kiasi, anabakiza, tena anabakiza kilicho kizuri, finyango ya nyama au kiini cha yai, kwa sababu watoto wanangoja nje na wao wanajua wanangoja. Mzee anayekomba bakuli mpaka chini atasemwa hadi Mkuyuni sokoni. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na sina ugomvi nayo. Lakini mke wa Katekista hakumwachia mumewe hesabu hiyo. Alikaa pembeni yake, jambo ambalo wanawake wengine hatukulifanya, akagawa mwenyewe kwa kidole: hiki cha kwako, hiki cha watoto. Na Katekista, aliyekuwa anawaamuru watu wa kilima kizima, alikula kipande alichoelekezwa.

Alipokufa yule mama, hakubaki mtu wa kugawa. Binti yake, aliyekuwa akiishi hapo na watoto wake, alipika, akampelekea baba chakula barazani kwa magoti kama ipasavyo, akarudi jikoni. Baada ya muda mtoto mmoja alirudisha bakuli, na bakuli lilikuwa tupu. "Baba kala vizuri leo," aliniambia binti akiwa anaosha vyombo, nami nilifurahi pamoja naye. Nani angehoji bakuli tupu?

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa kanzu. Ilianza kuburuta. Jumapili moja aliikanyaga akipanda altare, akajishika kwenye meza. Akina mama tuliamua kwamba kitambaa kimelegea kwa kufuliwa, maana vitambaa vya duka la kijiji siku zile havikuwa vya kusifiwa. Binti yake akakunja pindo, akashona. Miezi ikapita, pindo likashuka tena, akakunja tena. Mtu alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, Jumapili hadi Jumapili, nasi tunasema kanzu inarefuka.

Kisha mikono. Kile chuma cha kugongea ringi kilimponyoka, akasema kina umande. Suruali aliifunga kwa kamba ya katani. Aliyekuwa anapanda njia ya kigango huku anaimba, sasa alipumzika kwenye kila kona, na alipokuona unakuja alijifanya anatazama mbaazi za watu. Aliwahi kuanguka karibu na mfereji, akalala pale mpaka wapita njia walipomwinua. Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni uzee tu, wengine wakasema marehemu mkewe anamwita. Kuna aliyemtaja jirani fulani kwamba ndiye anayemla, na nilipouliza ni jirani gani, nikaona wananitazama mimi wa juu.

Binti, kwa kumpenda, akamwondolea vitu vizito. Hiyo nayo ni imani yetu. Mzee hulainishiwa. Maharage yatamjaza gesi, nyama itamkaba, njegere zitamsumbua tumbo. Kwa hiyo asubuhi uji, mchana ugali laini na mchuzi wa majani, jioni uji. Maharage tuliyoyalima na njegere tulizozichuma zikapanda lori kwenda kulisha watu wa Dar es Salaam, na mayai, ambayo katika kila nyumba yalikuwa ya kuuza, yakafuata huko huko.

Alipoanguka mara ya pili tulimteremsha zahanati, mimi na binti, yeye katikati yetu akilalamika njia nzima kwamba tunamshika kama mfungwa wa Kingolwira. Bwana mganga alikuwa kijana mpole, mgeni kwetu. Alimwamkia, akambonyeza mkono, akamfunua macho, akasikiliza kifua.

"Hebu simama, mzee, bila kushika kitu," akasema.

"Mimi huyu?" Katekista alicheka. Akainama mbele, akajaribu, akarudi kwenye benchi. Akajaribu tena, akarudi. "Benchi lenu fupi," akasema.

Bwana mganga hakucheka. Alimgeukia binti. "Anakula nini?"

"Uji. Na ugali laini. Kitoweo kikipatikana namwekea yeye kwanza. Anakula vizuri, bakuli linarudi tupu."

"Kwa nini uji?"

"Si mzee? Tumbo la mzee halitaki mambo mazito."

"Dada, sisikii ugonjwa hapa," alisema bwana mganga, taratibu, asije akamwumiza. "Mwili wake unajila wenyewe. Nyama za mapaja zimekwenda, ndiyo maana anaanguka. Mzee anahitaji vya kumjenga, labda kutuzidi sisi. Mpe maharage, hata ukiyaponda. Dagaa. Yai. Maziwa ukiyapata. Na msimlaze, atembee kila siku."

Kurudi, Katekista alitangulia na fimbo yake, na binti akashika kanga yangu. "Umesikia?" alisema, na machozi yakawa yanamtoka. "Kijiji kizima kitasema namshindisha baba njaa. Wapwa zake watakuja kumchukua, watasema ndio wenye ukoo." Nilimwambia hakuna atakayesema. Tulijua wote wawili kwamba watasema.

Binti hakufanya mchezo. Mayai hayakuuzwa tena. Nikiwa uani kwangu nilimwona mwenyewe akipeleka bakuli, yai zima limekaa juu ya maharage, akapiga magoti, akarudi jikoni. Ndipo nikaona kilichofuata. Katekista alitazama mlango wa jikoni. Akainua kidole kimoja. Wajukuu wakatoka nyuma ya kuni, wote, bila sauti, wakachuchumaa mbele yake. Alilikata yai kwa ukucha, akawagawia, kisha akawasogezea maharage. Yeye alichovya ugali kwenye mchuzi mara mbili tatu, akakaa anawatazama, na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa. Bakuli likarudi tupu.

Nilikaa chini. Miaka yote ile, tangu tumemzika mkewe, yule mzee alikuwa anakula mchuzi.

Asubuhi nilimfuata kwenye mpaka wa shamba.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama. Yai la jana lilikuwa na chumvi?"

Alinitazama, akatazama uani kwangu kule juu, akaelewa. "Unachungulia chakula cha watu?"

"Nachungulia cha kanisa. Ukianguka, Noeli nani atatusomea?"

"Mimi nilikula ujana wangu wote, wewe ni shahidi. Wale ndiyo kwanza wanaanza. Wakila wao, macho yangu yanashiba."

"Macho hayapandi kilima. Na ukianguka?"

"Nitaangukia kwa Mungu."

"Mungu hatakuja na machela," nikamwambia, maana nilishapandisha hasira. "Tutakubeba sisi, na njia yenyewe unaijua."

Aliogopa jambo moja tu duniani, nalo alinieleza palepale, akiwa ameegemea fimbo. Parokiani walikuwa na kijana waliyemaliza kumfundisha, wanangoja mahali pa kumpeleka. "Siku nitakayoshindwa kusimama Injili nzima," alisema, "watamleta. Mimi siwezi kuhubiriwa na mtoto niliyemfuta kamasi."

Basi nilimshika hapo hapo: akitaka kusimama Injili nzima, aje ale kwangu. Nilikwenda kwa binti yake nikamwomba aniazime baba yake kila mchana, nikadai kwamba nimesahau katekisimu na nataka nikumbushwe. Binti alijua sijawahi kutaka kukumbushwa chochote maishani. Alinishika mikono yote miwili. Dagaa nilikuwa nao, mume wangu aliwaleta na lori, na binti akawa ananipitishia mayai chini ya kanga.

Siku ya kwanza nilimpakulia, nikafunga mlango wa jikoni, nikauegemea kwa mgongo. Alikula bila kuinua kichwa. Dagaa, maharage, yai, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Alipomaliza alitazama kitako cha bakuli, ambacho kwa mkono wake mwenyewe hakuwa amekifikia siku nyingi.

"Leo nimekula kama mwizi," akasema.

"Rudi kesho uibe tena."

Alirudi. Katekisimu hatukuifungua, ila tuligombana juu ya kila kitu, juu ya katibu wa kijiji, juu ya bei ya kabichi, juu ya mume wangu, ambaye Katekista alisema hana sura ya mtu aliyeungama. Ulipofika mfungo wa Kwaresima tuligombana vibaya zaidi. Padre alikuwa ametuma tangazo kwamba wazee na wagonjwa hawabanwi na mfungo. Tangazo hilo Katekista alilisoma mwenyewe kanisani, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akafunga. Nilimwita mnafiki na nikamwekea bakuli, naye akalisukuma, nami nikalirudisha, mpaka akala kwa hasira, na kila tonge alilitangulizia ishara ya msalaba.

Na alipata nguvu. Nataka hili lijulikane. Haukuwa ujana, lakini paja lilishika suruali, na chuma kikakaa mkononi. Siku ya Noeli aliigonga ringi mpaka ng'ambo ya bonde wakaitika. Alisimama Injili yote, akahubiri mpaka watoto wakalala, na alipomaliza aliniangalia kwenye benchi la akina mama, akapandisha nyusi. Niliangua kicheko. Nilifurahi siku ile kupita siku ya harusi yangu.

Kisha mvua zikakataa. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, njegere zikatoa maua na kuyadondosha. Duka la kijiji lilipata unga wa njano ulioletwa kutoka nje, tukapanga foleni, na tulipousonga mara ya kwanza tulitazamana, kila mtu anangoja mwenzake aanze. Lori la mume wangu likakosa cha kubeba. Kule chini, ua wa Katekista ulibadilika. Watoto wale waliokuwa wanakimbizana na kuku sasa walikaa ukutani kwenye jua, na kuku wenyewe hawakuwapo tena.

Katekista hakuja mchana. Nilimwita kutoka juu.

"Nimefunga," akajibu.

"Kwaresima bado."

"Nimeanza mapema."

Sikuweza kumbeba. Nilimpelekea nilichokuwa nacho, alishukuru, alibariki bakuli, na nilipogeuza mgongo kidole kilikuwa juu. Mara ngapi nilipanda njia ile nikijua na sikugeuka kutazama! Wale watoto nao walikuwa na njaa. Ningewaambia nini? Kwamba babu yenu anahitaji kuwazidi? Mwili wake haukungoja. Ule mlima wa nguvu tulioupanda kwa mwaka mzima aliuteremka kwa wiki chache. Aliacha kwenda kigangoni, kisha akaacha kutoka barazani, kisha akalala ndani.

Yule kijana wa parokiani akaja, mwenye heshima zake, sina la kumsema. Jumapili yake ya kwanza nilikuwa chumbani kwa Katekista nikimfunika, tukasikia ringi inalia kule juu. Alisikiliza mpaka ikanyamaza. "Anapiga haraka mno," akasema, akageukia ukutani.

Siku chache baadaye mume wangu alipata dagaa kidogo huko mjini, na kwa jirani mmoja nikapata yai. Nilipika vyote, nikashuka navyo mchana. Ile ndiyo mara ya mwisho niliyomwona hai. Nilimwegemeza kwenye mto, akawa mwepesi mikononi mwangu kuliko alivyopaswa kuwa mtu mzima. Watoto nilikuwa nimewapita mlangoni na kuwafungia nje. Nikaketi kitandani.

"Kula, Katekista. Siondoki mpaka umalize."

Alishika bakuli. Hakula.

"Mama," akasema, "zamani ulikuwa unanifungia mlango nakula. Nilikuwa nawasikia watoto huko chini wanacheza. Sasa sikiliza."

Nilisikiliza. Nje hapakuwa na sauti yoyote. Na nilijua wako pale pale, nyuma ya mbao, wote.

"Mtoto anayelia namweza," alisema. "Hao walionyamaza siwawezi. Fungua."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno ya bwana mganga, na nilikuwa na ukali wangu wote. Nikanyanyuka, nikafungua. Waliingia wakachuchumaa mahali pao, na yule mzee akagawa. Alianza na wakubwa, maana wao walikuwa wanakonda zaidi. Mimi nilisimama ukutani nikilia waziwazi, na hakuna aliyenitazama, kila mtu alikuwa anatazama mkono wa babu.

Wa mwisho alikuwa kitoto cha kike kilichoanza juzi tu kusema. Alipewa kipande cha yai. Alikitazama, akauma upande, kisha akapanda kitandani kwa magoti, akakiinua kile kilichobaki mpaka kwenye midomo ya babu yake.

"Babu, na wewe."

Katekista alikuwa amepokea komunyo hivyo kila Padre alipopanda kilima, tangu ujana wake. Nadhani mwili ulijibu wenyewe. Alifumba macho, akafungua kinywa. "Amina," akasema, na mtoto akaweka yai kwenye ulimi.

Alitafuna. Watoto walimaliza vyao, wakajifuta mikono kwenye nguo, wakatoka mmoja mmoja, na yeye bado anatafuna kipande kile kile kidogo, hakishuki. Kitoto kilibaki kimekaa kwenye miguu yake, kinangoja. Niliinama karibu na sikio lake.

"Meza, Katekista," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kwa utii kabisa, akaendelea kutafuna.